Swali la Mshika Kifuniko

Kibwana Mwinyipembe ana mdomo usio na komeo. Nalisema hili mapema, maana yeye Mzaramo na mimi Mnyamwezi, ni watani, na watani hawanuniani. Anaweza kuniondolea nyama sahanini mbele ya wageni na nikanyamaza. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu alinifanyia utani ambao mpaka leo sijaweza kuucheka.

"We mtumwa wangu Tausi!" alipayuka kutoka chumba cha mashine. "Acha kusuka nywele, njoo uone kazi za wanaume! Mashine imetema jibu!"

Akatokea mlangoni pangu akikata kiuno na kuimba namba, tarakimu moja baada ya nyingine, kama anaimba taarabu. Hakuwa na kosa. Namba ile ilikuwa imefunikwa. Kabla mashine haijaanza kazi, mtu mmoja kati yetu alipewa namba ya siri aiweke kichwani tu, na mashine ikaichanganya na kila jibu. Sote tunafanya kazi juu ya jibu lililochanganywa, tukijadili na kusahihisha, pasipo mtu kujua ukweli umeangukia wapi. Hivyo hakuna anayeweza kulivuta jibu liende anakotaka moyo wake. Siku ya Kufunua, mshika kifuniko anasimama mbele ya watu, anaitaja namba yake, na jibu la kweli linatoka. Mpaka siku hiyo hakuna anayemjua mshika kifuniko ila mkuu wa kituo.

Mshika kifuniko nilikuwa mimi.

"Hebu nyamaza, Kibwana!" nilifoka.

"Nyamaza mwenyewe! Namba imefunikwa, hata nikimwimbia kuku haina maana."

Kwa kuku ni kweli. Mimi nilikuwa nimeshatoa kifuniko kichwani kabla sijajizuia, kama mtu anavyosoma bango la dukani bila kutaka. Nikaliona jibu. Nikakaa. Kibwana akadhani nimeshindwa utani, akaenda zake akichekelea.

Ngoja nieleze tulichokuwa tunapima, maana hapa ndipo wengi wanaponiacha na kwenda kunywa chai.

Tunachukua kipande kidogo cha ulimwengu, tunakikata kama kimia cha kuvulia. Kwenye kila fundo inakaa kwaki, chembe ndogo inayounda protoni na nyutroni, na kwenye kila uzi inapita kani kali inayozishika kwaki zisitawanyike. Mashine inakitikisa kimia hicho mara nyingi mno, na katika mtikisiko wake tunasoma uzito wa protoni na uzito wa nyutroni. Waliotutangulia waliifanya hesabu hii wakiwa wameuzima umeme. Si kwa uvivu. Umeme unaongeza uzito kidogo sana, chini ya sehemu moja ya mia, na usumbufu wake haumithiliki. Kani kali inachoka upesi. Ukivuka mafundo machache imekufa, kwa hiyo kimia kidogo kinatosha. Umeme hauchoki. Unavuka ukingo wa kimia, unazunguka, unarudi kuigusa kwaki ile ile ulikotoka, na jibu lote linaharibika. Ukitaka ukweli inabidi kimia kiwe kikubwa sana, na sehemu ile inayojizunguka uijue na kuitoa. Kazi ya kukuza kimia ilikuwa yangu, na tumeifanya mwaka mzima.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu ya Nyumba ya Utulivu. Ndani ya nyumba ile, mitambo iliyomo ukutani inailegeza kani ya umeme kidogo tu, na watu wenye ugonjwa wa mchomo, ambao mishipa yao ya fahamu inajiunguza yenyewe, wanapoa. Ugonjwa ukishakomaa, nje wanakufa kwa wiki moja. Ndani wanaishi, wanacheza bao, wanagombania rimoti ya televisheni. Walioijenga walitumia hesabu ya umeme uliozimwa, na hesabu ile iliwaambia kwamba kitu chochote kitakachobadilika katika uzito wa chembe kitakomea ukutani.

Ng'ambo ya barabara kuna kliniki ya wajawazito. Wakunga wa pale walileta malalamiko kwamba mimba zinaharibika kupita kawaida. Wakaambiwa ni malaria. Wakarudi tena. Ndipo tukaombwa tupige hesabu upya, na safari hii umeme uwemo.

Jibu nililoliona kichwani Jumatatu ile lilikuwa wazi. Kulegea kwa umeme hakukomei ukutani. Kunafika kliniki na kupita. Na umeme ukilegea, nyutroni inazidi kuwa nzito kuliko protoni, na potasiamu iliyomo katika damu ya kila mtu, ambayo sehemu yake ndogo huoza polepole na kutoa mionzi, inaoza upesi zaidi. Mtu mzima anaweza kuvumilia miaka. Mtoto aliye tumboni hawezi.

Nyumba ilipaswa kufungwa. Na mle ndani, tangu mwezi uliopita, alikuwamo Songoro.

*

Mama yangu mzazi alifia leba kule Sikonge. Nilizaliwa nikilia, na nyumba ya pili palikuwa na mwanamke aliyejifungua wiki ile ile, Bi Siwema, mtoto wake wa kiume akiitwa Songoro. Bi Siwema hakungoja kuombwa. Alinichukua, akanipakata upande mmoja, Songoro upande mwingine, akatunyonyesha sote mpaka tukaota meno na kumng'ata. Kwa sheria ya dini yetu Songoro ni ndugu yangu kama aliyetoka tumbo moja nami. Hawezi kunioa, na nikifa anaingia kaburini kunipokea. Kwa sheria ya moyo sina haja ya kueleza.

Alikuwa kinyozi, na kinyozi mwenye majivuno. Mchomo ulimwanzia mikononi. Alimkata mteja sikio, akadhani ni uchovu, wiki ya pili wembe ukamwanguka wenyewe. Mimi ndiye niliyemhangaikia akapata kitanda Utulivu. Nilikuwa nimepanga kumwambia mkuu wetu kwamba sasa nina ndugu ndani, anivue kifuniko. Nilipanga kusema Jumatatu ile ile, baada ya chai.

Alasiri nikaenda kumwona. Wageni tunakaa upande wa pili wa kioo, tunazungumza kwa spika. Bi Siwema alikuwa ameshafika na kikapu chake. Amepanga chumba mtaa wa nyuma ili awe karibu na mwanawe. Songoro alikuwa anamnyoa mzee mmoja wa mle ndani. Mkono umetulia, wembe unapita kisogoni taratibu, na yeye anapiga soga.

"Tausi wee!" akaniona. "Mwone mzee wangu huyu, si kama bwana harusi? Nimeshanyoa wodi nzima. Sasa wanaomba ndevu za mtindo, na ndevu wenyewe hawana."

"Mkono vipi?"

Akaunyanyua juu, akaeneza vidole. Vilikuwa vimenyooka, havitikisiki hata chembe. Bi Siwema akasema, "Alhamdulillahi," kama anavyosema kila akiuona, na macho yakamlengalenga.

"Hizo hesabu zenu mnazipiga mpaka lini?" Songoro akauliza. "Humu watu wana wasiwasi. Wanasema mtatufungia nyumba."

"Jibu linafunuliwa Alhamisi."

"Wewe unaonaje?"

Nilimtazama yule mzee anavyojipapasa upara. Nikasema kwamba jibu limefunikwa na hakuna anayejua. Nilimdanganya ndugu yangu kwa mdomo mkavu, na yeye akaniamini, akageuka kumalizia kisogo.

Tulipotoka, Bi Siwema alinishika mkono barabarani. Wajawazito wawili walikuwa wanaingia kliniki, mmoja anamcheka mwenzake kwa kutembea kama bata. Bi Siwema akawaombea heri kwa sauti, wakaitikia. Nilitamani ardhi inimeze.

*

Profesa Nyamizi Lugendo, mkuu wa kituo, ni Msukuma asiye na maneno mengi. Nilimkuta ofisini kwake anamenya chungwa. Nikajifanya naleta habari za kimia, kisha nikaingiza swali langu.

"Profesa, mshika kifuniko akiliona jibu kabla ya siku, kwa bahati mbaya tu, inakuwaje?"

Akaacha kumenya. "Linatupwa. Kifuniko kipya, mshikaji mpya, mashine inaanza upya."

"Muda gani?"

"Miezi minane. Pengine tisa."

"Na nyumba?"

"Inabaki wazi. Haifungwi kwa jibu lililochunguliwa."

"Hata kama jibu lenyewe ni baya?"

"Hasa kama ni baya, Tausi." Akajifuta vidole. "Nyumba ya kwanza kabisa tuliifunga kwa namba ambayo mtu aliichungulia. Alikuwa na hofu, akailea ile hofu yake mpaka ikawa jibu. Watu kumi na tisa wakafa. Tulipopiga tena, namba ilikuwa safi kabisa. Wale watu wangekuwa hai. Niliwabeba mimi, na wenzangu." Akanitazama sawasawa. "Kuna jambo?"

Hapo ndipo nilipoona mlango wangu, na ulikuwa wazi. Sikuhitaji kusema uongo wowote. Ningesema, "Profesa, nimeliona jibu," au hata, "Profesa, ndugu yangu wa kunyonya yumo ndani," na lolote kati ya hayo lilikuwa kweli tupu, la haki, la kusifiwa. Hesabu ingeanza upya. Songoro angepata miezi minane ya kunyoa watu, na Bi Siwema miezi minane ya kusema alhamdulillahi. Na ng'ambo ya barabara wangeendelea kuingia kina mama wanaochekana mwendo, miezi minane mizima, mimba baada ya mimba.

Kusema uongo katika namba hakukuwezekana. Mashine ilikuwa na muhuri wake na ingeikataa. Kilichobaki ni ukweli wangu, na ukweli ule ungeua watoto. Nikiunyamazia, namuua Songoro. Nimesoma miaka mingi, wallahi, na hakuna aliyewahi kunifundisha hesabu ya namna hiyo.

"Hakuna jambo," nikamjibu.

Sikulala vizuri siku zile, wala sikula. Nilimkwepa Kibwana, nikamkwepa Songoro. Nilijiambia labda nimekosea kutoa kifuniko kichwani, nikarudia, nikarudia, na kila nikirudia jibu lilikuwa lile lile. Nilimkasirikia Mungu. Nilimkasirikia Kibwana na kiuno chake. Hata marehemu mama yangu nilimkasirikia kwa kufa na kuniachia deni la maziwa, jambo ambalo sikuwahi kulifikiri maishani.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Ndugu za wagonjwa wana haki ya kuhudhuria, na walikaa mbele, wengi wakiwa na tasbihi au rozari mkononi. Wakunga wa kliniki walikaa nyuma. Bi Siwema alikuwa safu ya pili, amejifunga khanga mpya. Aliponiona nimekaa na wataalamu aliniinulia kidole, kwa fahari, akamnong'oneza jirani yake.

Profesa Nyamizi akasema, "Mshika kifuniko asimame."

Nikasimama. Kibwana, aliyekuwa pembeni yangu, alinigeukia mdomo wazi, kisha nikamwona anakumbuka wimbo wake. Uso ulimgeuka ukawa wa mgonjwa. Akainamisha kichwa na hakukiinua tena.

Kuna swali linaloulizwa kabla ya namba kutajwa. Walioanzisha desturi hii waliuliza damu na ndoa tu. Hapa Tabora wazee wa mji walikataa, wakasema mmesahau maziwa, swali likarekebishwa. Profesa alilisoma polepole ili wote wasikie.

"Tausi binti Mrisho. Kama una ndugu ndani ya Nyumba ya Utulivu, sema sasa, na hesabu itaanza upya, na nyumba itabaki wazi mpaka itakapokwisha. Una ndugu ndani, wa damu, wa ndoa, au wa kunyonya?"

Nilimtazama Bi Siwema. Alikuwa ananitikisia kichwa kidogo, kunihimiza, kama alivyokuwa akinihimiza nisome kwa sauti nilipokuwa darasa la kwanza. Alikuwa amelisikia swali na ameshahesabu zile siku za mwanawe.

"Sina," nikasema.

Kichwa chake kikaacha kutikisika.

"Mwenye kumjua vinginevyo aseme," Profesa akauambia ukumbi.

Alisubiri, maana ndiyo taratibu. Nilijua kwamba neno moja la Bi Siwema lingetosha, na nilipokuwa nimesimama pale sikujua naomba nini, anyamaze au aseme. Midomo yake ilifunguka. Akaushika ukingo wa khanga, akaivuta mabegani vizuri, akatazama mikono yake. Midomo akaifumba.

Nikaitaja namba. Jibu likatoka ukutani, kubwa, na wakunga waliokuwa nyuma wakalielewa kabla ya ndugu waliokuwa mbele. Kisha mama mmoja wa mbele akalielewa naye, akapiga ukelele ambao sitausahau.

*

Nyumba ilizimwa Jumamosi asubuhi. Mitambo ilivuma ikishuka, ikanyamaza, na milango ikaachwa wazi kwa mara ya kwanza. Nilisimama na wafanyakazi kando ya ngazi. Wagonjwa walitoka kwa machela na kwa miguu. Songoro alitoka kwa miguu, mikono imeshaanza kucheza, akaificha makwapani. Aliponiona akaja moja kwa moja.

Hatukuwa tumegusana tangu kioo kiwe kati yetu. Aliniegemezea bega.

"Mama kanieleza ulichosema ukumbini," akasema.

Nikamfunika mabega kwa khanga yangu.

"Hesabu ilikuwa sawa? Usinidanganye tena."

"Ilikuwa sawa, Songoro. Niliirudia mpaka nikaumwa."

"Basi." Akavuta pumzi, meno yanagongana. "Basi ni sawa. Lakini mimi ningesema ninaye."

Bi Siwema akaja, akamshika mwanawe kiunoni, akamwongoza kwenye gari. Hakunitazama wala hakunisukuma. Alipita tu.

Songoro alifariki Alhamisi iliyofuata, adhuhuri, kwenye chumba kile cha kupanga. Hawakuniita. Nilisikia kwa watu.

Nilifika msibani wanaume wameshatoka kwenda kuzika. Mtaa ule hakuna aliyeujua udugu wetu. Watu wa Sikonge walikuwa bado njiani. Wanawake walikaa ndani juu ya mikeka, Bi Siwema katikati yao, mgongo umeegemea ukuta. Nikavua viatu, nikapita katikati ya magoti ya watu, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

"Nakuona." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Siku ile nilikuwa na mdomo, Tausi. Ningesimama nikasema, huyu ni mwanangu, nilimnyonyesha mimi, mwongo. Mwanangu angepata miezi. Unajua kwa nini sikusimama?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Nikasema moyoni, mtoto nimemlea mwenyewe, siwezi kumwomba mbele ya watu anikubali. Kwa kiburi hicho nimemzika Songoro. Mungu atatuuliza, wewe lako na mimi langu."

"Mama, ningesema ndiyo, wale watoto wa kliniki..."

"Wameniambia yote. Wanawake wa mtaa huu wamekuja kunishukuru, eti mwanangu katoka ili watoto wao wazaliwe. Wamenishukuru mimi, Tausi! Mmoja kaniletea mchele na mimba yake hii." Akaipima kwa mikono, mbali na tumbo lake. "Sababu yako ni njema. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini, na sina ninalokudai. Lakini humu ndani wamekaa ndugu wa marehemu. Wageni wanakaa nje, kwenye turubai."

Wanawake wengine waliinamisha macho. Nikainuka, nikapita tena katikati ya magoti, nikavaa viatu vyangu mlangoni.

Nje nikapata kiti cha plastiki mwishoni mwa safu. Dada mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa anagawa chai, mkono mmoja birika, mwingine umeshika kiuno. Alipofika kwangu alinimiminia, akaniona ninavyolia, naye akaanza kulia.

"Pole sana, dada," akasema. "Wewe ni nani wa marehemu?"

Nikamwambia mimi ni jirani.